Kwa Nini Kiungo Hiki? Utangulizi wa Elimu ya Magonjwa ya Kurithi

Mvulana mwenye hemofilia akianguka uwanjani, goti lake huvimba usiku huohuo. Damu huvujia ndani ya maungio, na hali hiyo ikijirudia gegedu huliwa taratibu hadi mguu ukashindwa kunyooka. Ukilichunguza goti lenyewe hutaona kasoro yoyote aliyozaliwa nayo. Mifupa mizima, misuli mizima. Kinachokosekana ni protini moja ya kugandisha damu, na protini hiyo hutengenezwa zaidi kwenye ini, kiungo ambacho mtoto huyu hajawahi kukilalamikia. Wapo wagonjwa wa hemofilia waliopandikizwa ini jipya kwa sababu nyingine kabisa, na hemofilia yao ikapona hapohapo.

Nimeanza na goti kwa makusudi. Anayeingia katika elimu ya magonjwa ya kurithi kwa mara ya kwanza huwa na swali moja mdomoni: ni jeni gani imeharibika? Ni swali zuri, na tangu mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu ulipotangazwa kukamilika mwaka 2003 limekuwa rahisi kujibiwa kuliko wakati wowote. Lakini jibu lake peke yake halimfikishi mbali mtu aliyekaa kando ya mgonjwa. Jeni ileile imo katika karibu kila seli ya mwili, toka utosini hadi unyayoni. Iweje basi figo idhurike na moyo usalimike, au jicho lidhurike na sikio libaki salama? Swali hili la pili, kwa nini kiungo hiki, ndilo nitakalolifuata. Kwa maoni yangu ndilo linalofaa kuanza nalo, uwe mwanafunzi wa udaktari, muuguzi, au mzazi aliyeambiwa jana kwamba mwanawe ana ugonjwa wa kurithi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Si kila ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao ni wa kurithi. Mtoto aliyepata VVU kutoka kwa mama yake ameambukizwa, hakurithi. Mtoto mwenye hali ya Down ana kromosomu ya ziada, ile ya 21, na mara nyingi ziada hiyo hutokea wakati yai au mbegu inaundwa, bila mzazi yeyote kuwa na kasoro. Presha na kisukari cha ukubwani huonekana kutembea katika ukoo, lakini hutokana na jeni nyingi zinazochangia kidogo kidogo, pamoja na chakula, uzito na umri. Yanayotuhusu hapa ni magonjwa ambayo badiliko katika jeni moja tu, kati ya takriban 20,000 zinazoagiza protini mwilini, linatosha kuyaleta.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Yapo magonjwa ambayo nakala moja mbovu inatosha. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo ukubwani, hurithiwa hivyo, na kadhalika ile aina ya kawaida ya ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji. Mzazi mgonjwa anaweza kumpa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Mengine hayajitokezi mpaka nakala zote mbili ziwe mbovu. Wazazi wawili wazima, kila mmoja akiwa mbebaji wa nakala moja, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Katika kila mimba, narudia, maana ni kawaida kusikia watu wakipiga hesabu kwamba wameshampata mgonjwa mmoja, basi watatu wanaofuata watakuwa salama. Mimba haina habari na iliyotangulia. Kundi la tatu, lenye hemofilia na ugonjwa wa misuli wa Duchenne, hutokana na jeni zilizo kwenye kromosomu ya X, na kwa kuwa mwanamume ana X moja tu, hana nakala ya akiba.

Niseme jambo moja kabla hatujaendelea, kwa sababu limevunja ndoa nyingi. Katika magonjwa yanayohitaji nakala mbili, lawama anayotupiwa mke kwamba amekuja na mkosi wa kwao haina msingi. Bila nakala ya baba, ugonjwa usingekuwepo.

Aliyeiwekea taaluma hii msingi wa kemia ni daktari Mwingereza, Archibald Garrod. Mwaka 1902 aliandika kuhusu alkaptonuria, hali ambayo mkojo wa mtu hugeuka mweusi ukiachwa wazi. Aliona kwamba hali hiyo huwapata ndugu wa tumbo moja, na kwamba mara nyingi wazazi wao ni binamu. Akaihusisha na kanuni za Mendel, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimefufuliwa baada ya kusahauliwa kwa zaidi ya miaka 30. Watu hawa hukosa kimeng'enya cha kuvunjavunja dutu moja itokanayo na protini za chakula. Kimeng'enya hicho hufanya kazi hasa kwenye ini. Hata hivyo ini haliumwi. Dutu isiyovunjwa huzunguka na damu mwaka hadi mwaka, hujikusanya kwenye gegedu, na mtu akishavuka miaka 30 hivi mgongo huanza kukakamaa, halafu nyonga na magoti.

Mfano wa pili unatoka Norway. Mwaka 1934 mama mmoja alimpelekea daktari Asbjørn Følling watoto wake wawili wenye ulemavu wa akili na harufu isiyo ya kawaida, baada ya kuzunguka kwa matabibu wengi bila jibu. Følling alidondoshea mkojo wao kemikali yenye madini ya chuma, na mkojo ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitarajia. Alichokuwa amekigundua leo huitwa fenilketonuria. Hapa napo kimeng'enya kinachokosekana ni cha ini, na kiungo kinachoharibika ni ubongo unaokua, kwa sababu unaogeshwa na fenilalanini iliyozidi. Siku hizi nchi nyingi humchoma mtoto mchanga kisigino, tone la damu hupimwa, na akikutwa na hali hiyo hupewa maziwa na chakula maalumu chenye fenilalanini kidogo sana. Hukua na akili zake timamu. Jeni yake haijaguswa na mtu.

Hemofilia, alkaptonuria na fenilketonuria zina kisa kimoja. Kasoro iko huku, maumivu yako kule, na katikati kuna njia ndefu ya protini, kemikali, mishipa na miaka. Tiba nyingi zilizofanikiwa mpaka sasa zimeingilia njiani. Anayeijua njia hiyo kwa kila kiungo ana mengi ya kumfanyia mgonjwa hata kama kuirekebisha jeni yenyewe hakuwezekani.

Sasa niingie katika ugonjwa nitakaokaa nao zaidi, selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita kliniki. Ndio ugonjwa mkubwa wa kurithi katika Afrika Mashariki. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa zaidi duniani. Ndio ugonjwa, vilevile, ambao sayansi imeufuatilia hatua kwa hatua toka kwenye molekuli mpaka kitandani. James Herrick wa Chicago aliueleza mwaka 1910, baada ya chembe za ajabu kuonekana katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye himoglobini yenyewe, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukaitwa ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram alionyesha mahali hasa penye kasoro.

Pako hivi. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta umeundwa kwa asidi amino 146, na katika selimundu ile ya sita, asidi ya glutamiki, imetolewa ikawekwa valini. Chanzo ni herufi moja tu ya vinasaba, A iliyogeuka T. Asidi ya glutamiki hupatana na maji, valini huyakwepa. Himoglobini ikiwa bado imeshika oksijeni tofauti hiyo haileti taabu kubwa. Ikishaiachia, valini hupata mahali pa kujibana kwenye molekuli jirani, nayo kwa nyingine, mpaka zikawa nyuzi ngumu zinazoivuta chembe nzima ikapinda na kukaza. Chembe ikirudi mapafuni ikapata oksijeni, nyuzi huyeyuka na umbo la duara hurudi. Lakini kila mzunguko huuchakaza utando wake. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20.

Nyuzi hizo huundwa haraka zaidi oksijeni inapopungua, damu inapokuwa na asidi zaidi, chembe inapopoteza maji na himoglobini ikasongamana ndani yake, na damu inapokwenda polepole hata chembe ikakaa muda mrefu bila kurudi mapafuni. Msomaji ayashike haya, kwa sababu kutoka hapa tunaweza kukitazama kiungo chochote na kubashiri, kwa kuangalia kazi yake ya kila siku, kitaumia vipi.

Bandama, ambayo wengine huiita wengu, ndiyo huanza. Kazi yake ni kukagua damu. Ndani yake chembe nyekundu hulazimika kupita kwenye nyufa nyembamba mno, zenye upana usiozidi sana mikroni moja, ilhali chembe yenyewe ina upana wa mikroni saba hadi nane. Chembe yenye afya hujikunja kama mkeka ikapita. Iliyokaza hukwama. Zikikwama chache, zinazofuata hurundikana nyuma yake, oksijeni hupungua, na zile zilizokuwa laini nazo hukaza. Mwanzoni bandama hutanuka. Hutokea ghafla ikanasa sehemu kubwa ya damu ya mtoto kwa muda wa saa chache tu: mtoto hupauka midomo na viganja, tumbo hujaa upande wa kushoto, mapigo ya moyo hukimbia, na asipoongezewa damu mapema hufa. Huko Jamaica, ambako watoto waliogunduliwa na selimundu tangu kuzaliwa wamefuatiliwa kuanzia mwaka 1973, daktari Graham Serjeant na wenzake waliwafundisha akina mama kuipapasa bandama ya mtoto chini ya mbavu za kushoto, kujua ukubwa wake wa kila siku, na kukimbilia hospitali ikizidi. Vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Nimetaja vidole vya mama mahali ambapo vitabu vingi hutaja mashine, na sioni sababu ya kuomba radhi.

Mtoto asipokufa kwa bandama kujaa, bandama yenyewe hufa kidogo kidogo. Kila mkwamo huua kipande chake, na kwa watoto wengi ikifika miaka mitano imebaki kovu lisilofanya kazi. Hasara yake haionekani mpaka bakteria waingie kwenye damu, hasa wale wenye gamba la sukari linalowaficha, kama wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Bandama ndiyo iliyokuwa hodari wa kuwanasa hao. Bila hiyo, homa ya asubuhi huweza kuwa kifo cha jioni. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi hayo kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa ya zamani, ya bei ndogo, inayotolewa mtoto akiwa bado anaonekana mzima. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kupima watoto wachanga, kwa kuwa penisilini inayosubiri dalili huwa imeshachelewa.

Figo ina kisa cha aina yake, na hiki ndicho nikipendacho zaidi, kama mtu anaruhusiwa kupenda kisa cha maradhi. Ili mkojo uwe mzito, yaani mwili uhifadhi maji, sehemu ya ndani ya figo hujitengenezea mazingira makali: chumvi nyingi, asidi zaidi, oksijeni kidogo, na damu inayopita polepole kwenye mishipa miembamba. Rudi kwenye masharti niliyokuomba uyashike. Yote yako hapo. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya chembe, himoglobini husongamana, oksijeni ni haba, na mwendo ni wa kusuasua. Figo haina kasoro yoyote ya kurithi. Inaumia kwa kuifanya kazi yake sawasawa.

Matokeo yake ya kwanza huonekana nyumbani kabla hayajaonekana hospitali. Mtoto hushindwa kuuzidisha mkojo uzito, kwa hiyo hutoa mkojo mwingi, mwepesi kama maji, mchana na usiku. Huamka kutafuta maji, hulala tena, na asubuhi godoro limeloa. Yuko darasa la tatu, la nne, wadogo zake walishaacha. Hutaniwa, hunyimwa maji jioni, pengine huchapwa. Kumnyima maji ni hatari, maana figo yake itaendelea kuyatoa yaliyomo mwilini, damu itakauka, na usiku huohuo anaweza kuamka na maumivu makali ya mifupa. Katika miaka ya utotoni, kuongezewa damu huweza kuurudisha uwezo wa figo kwa muda, jambo linalothibitisha kwamba mwanzoni tatizo ni mtiririko wa damu tu. Baadaye mishipa ile hufa na uwezo haurudi tena.

Ubongo huumia kwa njia tofauti. Hapa tatizo kubwa haliko kwenye vishipa vidogo, liko kwenye mishipa mikubwa chini ya ubongo, ambayo kuta zake hunenepa kwa ndani mpaka njia ikawa nyembamba. Ubongo wa mtoto hutumia damu nyingi kwa kawaida yake. Ukiongeza upungufu wa damu, moyo hulazimika kuisukuma kwa kasi zaidi ili oksijeni itoshe, na kasi hiyo huisugua mishipa ileile. Ndiyo maana kiharusi cha selimundu huwapata hata watoto wa miaka miwili hadi tisa. Bila kinga, takriban mtoto mmoja kati ya kumi hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Lakini kasi inapimika. Kifaa cha mawimbi ya sauti huwekwa kwenye panja la mtoto, na damu ikionekana kwenda sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari imejulikana kabla haijatokea. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye kasi hiyo hupunguza kiharusi cha kwanza kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu damu salama ya kila mwezi kwa mamia ya watoto haipatikani kwa urahisi, na kwa sababu hiyo watafiti wa Mwanza, katika Hospitali ya Bugando, wamejielekeza kwenye vidonge vya haidroksiurea, nitakavyovieleza mbele, kwa lengo hilohilo. Viko pia viharusi vya kimya, visivyopooza mkono wala mguu, ambavyo mwalimu ndiye wa kwanza kuviona: mtoto aliyekuwa anashika masomo sasa hashiki.

Mengine nayapitia upesi, ingawa mgonjwa hayapitii upesi. Mifupa hukosa damu na kuuma kuliko maumivu mengi tuyajuayo; kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, vidole na viganja vilivyovimba mara nyingi ndivyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Kichwa cha mfupa wa paja, chenye mishipa michache ya kukilisha, huweza kufa na kumwacha kijana akichechemea. Kwenye mapafu, maambukizi au mafuta yanayotoka ndani ya mfupa ulioumia huziba mishipa, na hali hiyo huua watu wazima wengi. Chembe zinazokufa kwa wingi hutoa rangi ya njano ambayo hujaa machoni na kutengeneza vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Wanaume hupata kusimama kwa uume kwa saa nyingi kwa maumivu, na huona haya kusema, na haya hiyo huwagharimu uwezo wao. Muuguzi anayeuliza kwanza, kwa sauti ya kawaida, huokoa mengi.

Jicho linastahili neno la pekee, kwa sababu linavuruga dhana yetu ya ugonjwa mkali na mwepesi. Wapo watu, hasa wenye asili ya Afrika Magharibi, waliorithi nakala moja ya selimundu na nakala moja ya badiliko jingine liitwalo himoglobini C. Kwa jumla hupata maumivu machache na huishi zaidi. Lakini retina zao huharibika mara nyingi zaidi kuliko za wenye selimundu kamili, yaani wenye nakala zake mbili. Damu yao ni nyingi na nzito zaidi, na pengine bonge linaloziba kishipa cha jicho huhitaji damu ya namna hiyo. Anayesema wana ugonjwa mwepesi hana budi aulizwe: mwepesi kwa kiungo kipi?

Tofauti baina ya mgonjwa na mgonjwa zilimvutia Janet Watson, daktari wa watoto huko New York, mwaka 1948. Aliona kwamba damu ya vichanga wenye selimundu hupinda kidogo tu, akasema chanzo ni himoglobini ya mimba, ile ambayo mtoto huitumia tumboni na kuendelea nayo miezi michache baada ya kuzaliwa. Alikuwa sahihi. Himoglobini hiyo haijiungi na nyuzi, na ndiyo sababu mtoto huonekana mzima mpaka karibu miezi sita. Wapo watu ambao hawaipotezi kabisa. Mashariki mwa Saudi Arabia na katika sehemu za India kuna wagonjwa wenye himoglobini ya mimba nyingi hata ukubwani, na bandama zao hudumu muda mrefu zaidi. Oman ina mchanganyiko: aina hiyo ya Asia, pamoja na aina zilizotoka Afrika, ikiwamo ile ya Wabantu, ushahidi ndani ya damu wa safari za pwani yetu na Ghuba.

Haidroksiurea hufanya kazi hasa kwa kuipandisha himoglobini hiyo. Kwa muda mrefu ilihofiwa kwamba katika nchi zenye malaria huenda ikaleta madhara. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto zaidi ya 600, uliochapishwa rasmi mwaka 2019, ulionyesha kinyume: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, vifo vilipungua, na malaria pia.

Malaria ndiyo iliyoifanya jeni hii iwe nyingi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alishiriki mwaka 1949 katika msafara wa chuo kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akakusanya damu ya makabila mbalimbali. Wabebaji walikuwa zaidi ya mmoja kati ya watano pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja hukingwa dhidi ya malaria. Tafiti za Kilifi baadaye zilionyesha kinga hiyo hufikia karibu asilimia 90 kwa malaria kali. Msomaji asichanganye: kinga ni ya mbebaji. Mwenye nakala mbili akipata malaria yuko hatarini zaidi, na chandarua chake ni sehemu ya tiba.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila ugonjwa wa kurithi una mwendo wa selimundu, kwa hiyo niutaje ualbino, ambao hapa Tanzania hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 1,400 hivi. Kinachopungua ni melanini, lakini jicho na ngozi huathirika kwa nyakati tofauti kabisa. Jicho huathirika tumboni mwa mama. Bila melanini ya kutosha, kitovu cha retina hakikui ipasavyo na nyuzi za neva ziendazo kwenye ubongo huvuka upande usio wake zaidi ya kawaida. Mtoto huzaliwa na hali hiyo imeshakamilika. Miwani humsaidia kiasi, na kukaa dawati la mbele humsaidia pengine zaidi. Ngozi huzaliwa salama. Jua ndilo linaloiharibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka saratani. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia mionzi, kama yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hubadilisha maisha ya ngozi bila kubadilisha lolote kwenye jicho.

Siku hizi jeni zenyewe zinaguswa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo seli mama za damu za mgonjwa wa selimundu hutolewa, hurekebishwa maabara ili zizalishe tena himoglobini ya mimba, kisha hurudishwa. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Sitaibeza, ni kazi ya ajabu. Ila tazama ilipolenga: herufi iliyogeuka haikurudishwa. Hata hapo waliingilia njiani.

Na njia hiyo inatufikisha mahali papya. Kliniki nyingi za selimundu zilijengwa na madaktari wa watoto, kwa sababu wagonjwa wao hawakufika ukubwani. Wanaofika sasa, wenye miaka 30 na 40, wana bandama iliyokufa zamani, nyonga zinazouma na moyo uliotanuka kwa kusukuma damu nyepesi miaka yote. Kinachowatishia zaidi kimyakimya ni figo. Kwa miaka mingi hiyo figo huchuja kupita kiasi na kutoa kreatinini nyingi, kwa hiyo kipimo chake katika damu huwa chini kuliko cha mtu mwingine. Ikianza kushindwa, kreatinini hupanda toka chini hadi kwenye kiwango ambacho karatasi ya maabara huandika kuwa ni cha kawaida. Daktari asiyejua ni kiwango cha kawaida cha nani humrudisha mgonjwa nyumbani, wakati kipimo rahisi cha protini kwenye mkojo kingekuwa kimeshamwonyesha tatizo miaka mingi kabla.